Nyuso Nne na Nusu

Mwalimu mkuu alinikabidhi ukuta wa mita kumi na moja, ndoo mbili za rangi nyeupe zilizosalia kanisani, na karatasi yenye majina matano. Shule yenyewe ni ya mabati, lakini upande wa njia wamejenga ukuta wa mawe, na hapa Kianda, Kibera, ukuta mtupu haumalizi wiki kabla mtu hajabandika tangazo la mganga. Ndiyo maana akaniita. Tulielewana shilingi elfu mbili kwa kila uso, rangi nyingine juu yangu, kazi iishe kabla watoto hawajarudi Januari.

Karatasi ilianza hivi: Watu mashuhuri katika historia. Chini yake Einstein, Mandela, Mama Teresa, Martin Luther King na yule mwanaanga, Neil Armstrong.

Mimi ni mchoraji wa mabango. Niliingia Kianda mwaka 1991 na brashi mbili na kopo la rangi nyeusi. Tangu hapo nimeandikia vinyozi, bucha, washona viatu, na makanisa yaliyogawanyika mara tatu na kila kipande kikanirudia kutaka bango jipya. Mteja simbishii, akitaka simba mwenye meno ya dhahabu namchorea. Lakini siku hiyo ulimi uliniponyoka. "Mwalimu, kati ya hawa hakuna hata mmoja aliyewahi kuruka mtaro wa hapa."

Akaitazama karatasi yake, akaukunja uso. "Basi fundi, nitafutie wa hapa. Lakini wawe wamekufa. Ukimchora aliye hai, leo anapigiwa makofi, kesho yuko kortini, na mimi ndiye nanunua rangi ya kumfuta."

Watoto wa jirani waliokuwa wakicheza mpira wa karatasi walisikia, wakaanza kupiga kelele kwamba nichore Obama. Kweli Obama alifika Kibera mwaka 2006, wakati huo akiwa seneta wa Illinois, na wapo waliomshika mkono. Nikawaambia kwanza Obama ni mzima, pili alipita tu. Mmoja akauliza kama shosho wake anaweza kuchorwa, kwa kuwa amekufa na aliishi hapa miaka arobaini. Sikuwa na jibu, nikajifanya natafuta msasa.

Nilianzia Makina, kwa bibi mmoja wa Kinubi ambaye kibanda chake cha mahamri nimekipaka mara nne. Nilimwambia nina orodha ya wabunge. Alikuwa akigeuza mahamri kwenye karai, hakuinua macho. "Ukianza na wabunge umeanzia mkiani. Uliza kwanza nani alituleta." Ndipo akamtaja Selim Bey.

Jina hilo nilikuwa nimelisoma. Vitabu vya zamani hupatikana soko la Toi kwa bei ya sahani ya githeri ukiwa na subira ya kuchambua, na mimi hununua vyenye picha ili niibe mikao. Selim Bey alikuwa ofisa wa jeshi la Misri katika mkoa wa Ikwatoria, kusini mwa Sudan, chini ya gavana aliyeitwa Emin Pasha, ambaye kwa kuzaliwa alikuwa Mjerumani, jina lake Eduard Schnitzer. Mwaka 1885 Mahdi, kiongozi wa waasi wa Sudan, aliuteka mji wa Khartoum, na mkoa ule ukakatika kama kidole: hakuna mshahara, hakuna barua, hakuna meli. Yule msafiri Stanley alitumwa kumwokoa Emin, na mwezi wa Aprili 1889 akaondoka naye kutoka Kavalli, karibu na Ziwa Albert. Selim alikuwa ametumwa kurudi Mto Nile kuwakusanya wenzake waliobaki. Stanley hakungoja. Alihesabu siku alizotoa, zilipokwisha akafunga mizigo.

Hebu fikiria hali ya yule mzee. Yeye ni mwanajeshi, ana watu wengi nyuma yake, gavana wake amechukuliwa, serikali yake imemsahau. Wanajeshi wale walijifumia nguo zao wenyewe kwa pamba waliyoilima. Walikaa hivyo zaidi ya miaka miwili. Septemba 1891 akatokea Kapteni Lugard, aliyekuwa mtumishi wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, akitafuta bunduki za kumsaidia kuishika Uganda. Anakuta jeshi zima limekaa bila mwenyewe. Akamwambia Selim aje chini ya bendera yake.

Selim akakataa. Hakukataa kwa ubishi. Alisema yeye ni mtumishi wa Khedive wa Misri, na hawezi kubadilisha bendera mpaka Khedive mwenyewe atoe ruhusa. Miaka sita hajapata mshahara! Mwishowe walipatana kwamba barua ipelekwe Cairo, na kabla ya jibu kurudi, watu wa Selim wamsaidie Lugard. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini nikacheka, halafu nikaacha kucheka, maana namjua askari mmoja wa zamu hapa mtaani aliyelinda geti la kampuni iliyofungwa miezi mitano, akisubiri tajiri arudi.

Walipoondoka Kavalli na Lugard, wanajeshi walikuwa mia kadhaa tu. Waliofuata nyuma ndio maelfu: wake, watoto, watumishi, watumwa, waliobeba mawe ya kusagia na kuku. Hao ndio waliokuja kuitwa Wanubi. Si kabila moja lililotoka sehemu moja. Wengi walikuwa watoto wa Wamoru, Walendu, Waaluri, Wabari na wengine, walioingizwa jeshini kwa hiari au kwa minyororo, wakaunganishwa na Uislamu na Kiarabu cha kambini ambacho leo ni Kinubi. Na tusiwapake asali. Ngome za Lugard huko Toro zilipoachwa mikononi mwao, wenyeji waliporwa na kuonewa. Bibi wa Makina naye halifichi hilo. "Askari ni askari," aliniambia. "Humpi mtu bunduki halafu ukamwomba adabu."

Mwaka 1893 Waingereza wa Kampala waliogopa kwamba Selim angeungana na Waislamu wa Buganda. Kapteni Macdonald akawanyang'anya silaha Wasudani wa pale mjini, akamkamata Selim, ambaye tayari alikuwa mgonjwa, akamtia njiani kupelekwa pwani. Hakufika. Alifia Naivasha. Kutoka Naivasha msafara ungepanda ukingo wa bonde na baada ya siku chache ungekuwa kwenye ngome ya Fort Smith, hapo ng'ambo ya Kawangware. Mtu ambaye watu wake ndio walioijenga Kibera alikufa akiwa amebakiza mwendo mfupi tu kuiona ardhi hii.

Kijana wangu wa kazi anatoka Kawangware, na niliposimulia hayo tukiwa tunapiga msasa ukuta, alidakia mara moja. "Lakini mzee, hiyo ni hadithi ya Waiyaki."

Alikuwa sahihi. Lugard huyohuyo, mwaka mmoja kabla ya kumfuata Selim, yaani Oktoba 1890, alijenga ngome Dagoretti na kula kiapo cha udugu na Waiyaki wa Hinga. Misafara ya kutoka Mombasa ilikuwa ikinunua chakula huku kwa Wakikuyu kabla ya kuingia Bonde la Ufa, kwa hiyo aliyeshika Dagoretti alishika tumbo la msafara. Udugu haukudumu. Watu wa Kampuni walipora mashamba, ngome ikachomwa, Fort Smith ikajengwa mahali pake, na mwaka 1892 Waiyaki akakamatwa, akatiwa njiani kupelekwa pwani, akafia Kibwezi. Wazee wa Kikuyu husema alizikwa angali hai. Lugard alipatana na wawili, na wote wawili wakafia barabara moja wakiwa wafungwa, mmoja upande huu wa Nairobi na mwingine upande ule, umbali wa mwaka mmoja.

Kijana akataka tumchore Waiyaki. Tukaenda saiba kutafuta picha. Tuliyoipata kwa urahisi, tena nyingi na safi, ni ya Kinyanjui wa Gathirimu.

Huyu Kinyanjui alikuwa mwindaji na mfanyabiashara wa hapo Dagoretti ambaye misafara ilipokuja aliifaa: alitafuta wapagazi, alitafuta chakula, alionyesha njia. Waiyaki alipoondolewa, yeye akapanda, mpaka Waingereza wakamfanya chifu mkuu wa Wakikuyu, cheo ambacho Wakikuyu wenyewe hawakuwa nacho. Alikuwa na wake wengi, na baadaye gari alilolinunua kwa balozi mdogo wa Marekani. Karen Blixen, yule Mdenishi aliyelima kahawa chini ya Ngong, amemwandika katika kitabu chake cha mwaka 1937. Humo anasimulia jinsi chifu, akiwa mahututi kwa kidonda cha mguu, alivyomwomba amchukue akafie nyumbani kwake badala ya hospitali ya misheni, na yeye Blixen akakataa. Mwenyewe anakiri. Nimeusoma ukurasa huo mara nyingi. Mtu aliwafungulia milango maisha yake yote, na usiku wa mwisho hakufunguliwa mmoja. Alikufa mwaka 1929.

Basi angalia hesabu ya nyuso. Aliyewafaa wakubwa alipigwa picha. Waliokamatwa, sisi tunatafuta sura zao kwenye saiba kwa shilingi moja kwa dakika. Mwalimu mkuu alimkubali Kinyanjui kwa sababu ya heshima ya mkewe, ambaye kwao ni Riruta, nami nikamchora wa kwanza kushoto. Kazi ilikuwa nyepesi. Mtu aliyezoea kukaa mbele ya kamera hukaa vizuri hata ukutani.

Nilirudi Makina kutafuta uso wa Mnubi. Nilijua bibi ana picha ya babu yake akiwa askari wa King's African Rifles, kofia ya tarbushi kichwani. Jeshi hilo liliundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Afrika Mashariki, Uganda na Afrika ya Kati, na Wanubi ndio walikuwa uti wake wa mgongo, ijapokuwa miaka mitano tu nyuma yake wenzao wa Uganda walikuwa wameasi. Uasi ule wa 1897 sababu yake haikuwa ngeni: safari juu ya safari, mshahara mdogo kuliko wa wengine, tena unalipwa kwa vitambaa, tena umechelewa. Mwaka 1904 serikali ikatenga ekari 4,197 za msitu kusini-magharibi mwa Nairobi ziwe za mazoezi ya jeshi, na Wanubi waliostaafu wakaachiwa wakae humo na jamaa zao. Msitu kwa Kinubi ni kibra. Sisi wengine tulipokuja, ulimi wetu ukaongeza irabu.

Laini Saba, wanasema wazee, ni mstari wa saba wa uwanja wa shabaha. Kambi Muru ni ya Wamoru. Zilikuwapo pia Kambi Lendu na Kambi Aluru. Ukitembea kutoka mashariki kuja huku kwetu unasoma nani alifika lini: Lindi na Makina za Wanubi, Kisumu Ndogo ya Wajaluo, halafu Kianda, ambayo ni neno la Kikuyu la mahali palipo bondeni. Mabango haya mimi sikuyaandika, na hakuna aliyelipwa kuyaandika, lakini hayajachujuka.

Bibi alitoa bahasha kutoka chini ya godoro. Ndani mlikuwa na ile picha, na karatasi iliyokunjwa mara nne, imegeuka rangi ya chai, mikunjo imeanza kutoboka. Ilikuwa pasi ya shamba. Mwanajeshi aliyetumikia miaka kumi na miwili alipewa pasi kama hiyo ya kujenga na kulima bila kodi. Wao walidhani ni hatimiliki. Serikali ilijua kwamba si hatimiliki. Mwaka 1928 Kibra ilitolewa mikononi mwa jeshi ikapewa utawala wa kiraia, na Tume ya Ardhi ya Carter, iliyokaa miaka ya 1932 hadi 1934, ikaamua kwamba Wanubi ni wapangaji wa Taji tu, wanaokaa kwa hisani. Hisani yenyewe haikuwa na maji wala barabara. Akina mama ndio walioshika nyumba, kwa ile pombe kali iliyoitwa jini ya Kinubi, na wateja walitoka pande zote za mji, weupe kwa weusi. Bibi alisema mama yake alisomesha watoto wanne kwa mtungi mmoja na bomba. Nikamuuliza kama naweza kuandika hayo. "Andika. Aliyefungwa ni yeye, si wewe."

Baada ya uhuru ekari zikaendelea kuyeyuka. Mashirika ya nyumba yalijenga mitaa juu ya mashamba ya Wanubi: Fort Jesus, Salama, Karanja, Olympic. Vitambulisho navyo vikawa vya kubembeleza. Kijana wa Kinubi alipitishwa mbele ya kamati imhoji babu yake alitoka wapi. Mwaka 2009 ndipo walihesabiwa kama kabila katika sensa ya Kenya, na Juni 2017 wakapewa hati ya ekari 288. Nimezigawa kwa penseli ukutani, kabla sijapaka: ni ekari moja katika kila kumi na nne na ushei.

"Sasa bibi," nikasema, "huyu babu nimchukue ukutani?"

Aliirudisha picha katika bahasha. "La. Babu yangu haendi mahali mbuzi wanajikuna."

Wabunge nilikuwa nao. Mwaka 1969 jimbo la Langata, ambalo wakati huo liliimeza Kibera nzima, lilimchagua Yunis Ali, Mnubi. Mmoja wa aliowashinda alikuwa mfanyabiashara kijana, Mwangi Mathai, ambaye alirudi mwaka 1974 akashinda. Baadaye, mwaka 1979, Langata ilimpeleka bungeni Philip Leakey, mzungu wa kwanza kuchaguliwa tangu uhuru. Mimi aliyenivutia ni mke wa yule wa katikati.

Wangari Maathai kila mtu anamweka Nyeri, kwa kuzaliwa, au Uhuru Park, kwa ugomvi wake na serikali mwaka 1989. Ni wachache wanaomweka huku. Katika kampeni ya 1974 mumewe aliwaahidi maskini wa jimbo kazi. Baada ya kushinda, mkewe akamuuliza kazi zenyewe ziko wapi, na jibu, kama yalivyo majibu ya wabunge, lilikuwa kwamba watu watasahau. Yeye hakusahau. Akaanzisha kampuni ndogo aliyoiita Envirocare, ya kuwaajiri maskini wa jimbo waende kwa matajiri wa jimbo hilohilo kusafisha nyumba, kufyeka nyasi na kupanda miti. Kitalu kikawekwa msitu wa Karura. Hesabu haikukaa sawa: matajiri walitaka kulipa kazi ikiisha, maskini hawakuwa na nauli ya kuifikia kazi. Mwaka 1975 alipeleka miche kwenye maonyesho ya Nairobi, watu wakaisifu, wakaahidi kununua, hakuna aliyerudi. Miche mingi ilikauka. Kampuni ikafa.

Miaka miwili baadaye, Juni 5, 1977, akiwa na Baraza la Kitaifa la Wanawake, alipanda miti saba pale Kamukunji, na huo ndio mwanzo wa Mkanda wa Kijani. Tuzo ya Nobel ilikuja mwaka 2004, naye akafariki Septemba 25, 2011. Lakini mimi nimemchora yule wa Envirocare. Nyuma yake sikuweka msitu. Niliweka miche mitatu katika vikopo vya maziwa, mmoja umenyauka. Mwalimu akaniuliza kwa nini mmoja umekufa. Nikasema rangi ya kijani iliisha.

Uso wake ndio ulionitesa. Nilichora miraba kwa uzi na chaki, nikapiga rangi ya msingi, nikachanganya kahawia na nyekundu ya udongo na njano kidogo mpaka ngozi ikawa na joto. Kumbe tapentaini niliyouziwa ilikuwa imechanganywa na mafuta ya taa. Glosi ikakataa kukauka. Saa kumi jioni ikaja mvua ya Desemba isiyo na taarifa, kilemba kikateremka shavuni, na shavu likateremka mpaka kwenye jina. Mama mmoja aliyepita na sukuma wiki kichwani alisimama akasema, "Fundi, umemfanya analia." Nilikwangua usiku nikaanza upya kwa taa ya simu, na gharama sikumwambia mtu.

Raila Odinga nilimchora asubuhi moja. Huyo huhitaji miraba. Alizaliwa Maseno mwaka 1945, lakini kuanzia 1992 hadi 2013 alikuwa mbunge wetu, katikati ya hapo akawa Waziri Mkuu, na kijiji kizima hapo chini kinaitwa jina lake. Oktoba 15, 2025 zilipokuja habari kutoka India kwamba amefariki, watu wa hapa walitoka na matawi mikononi kabla hata redio haijamaliza sentensi. Nilipokuwa nikimpaka, walisimama nyuma yangu watu wasiopungua ishirini, kila mmoja fundi. Ongeza kofia. Punguza kofia. Mboni zake hazikuwa hivyo. Mzee mmoja alikumbusha ghasia za baada ya uchaguzi, Januari 2008, wakati reli hii iliyo mbele yetu ilipong'olewa mataruma kwa mikono mitupu, na kimya kikaingia ambacho si cha kuchora. Ninayo maoni yangu juu ya siasa za wakati ule, lakini mimi naishi hapa.

Wa mwisho kulia ni Ken Okoth, na kwake sikuhitaji kitabu. Alizaliwa mwaka 1978, akakulia Kisumu Ndogo, dakika kumi kwa miguu kutoka ukuta huu. Alisoma Olympic, shule ya msingi ya serikali iliyo hapo juu tu, ambayo miaka ile ilikuwa ikizitoa jasho shule za matajiri katika mtihani wa taifa. Halafu elimu ya bure ilipokuja mwaka 2003 ikajazwa watoto mpaka madirishani. Yeye aliwahi kabla ya hapo, akapata nafasi shule ya Starehe. Alipomaliza hakukuwa na karo ya kuendelea, akauza magazeti. Ndipo akapata ufadhili wa Chuo Kikuu cha St. Lawrence, jimbo la New York, kisha Georgetown, akafundisha hukohuko Marekani, akarudi. Mwaka 2013, jimbo la Kibra lilipokatwa kutoka Langata, akawa mbunge wake wa kwanza.

Kitu kimoja kuhusu wauza magazeti: wanasoma bila kukunja. Gazeti likikunjwa haliuziki, kwa hiyo unalisoma kwa kulichungulia, ukurasa umeufungua kidole kimoja. Nimekaa stejini Olympic nao miaka mingi nikisubiri wateja. Nikamchora Okoth hivyo, anachungulia.

Februari 2019 aliwatangazia watu kwamba ana saratani ya utumbo. Julai 26 mwaka huohuo akafariki, miaka arobaini na moja. Alichomwa Kariokor badala ya kuzikwa, na hapa mtaani watu walibishana juu ya moto ule kwa miezi, watu ambao hawakuwahi kubishana juu ya madarasa aliyojenga. Watoto waliokuwa wakimtazama ukutani walimtambua bila kusoma jina. Mmoja alisema, "Huyo alilipia brazangu karo."

Ikabaki nafasi moja katikati. Mita mbili, nyeupe. Mwalimu alikuja akaitazama, akaniambia nirudishe Einstein. Nywele zake watoto watazipenda. Niliomba usiku mmoja.

Nilichora njia ya vumbi inayopanda mlima. Juu yake wanawake wanakwenda, mizigo kichwani, mmoja na jiwe la kusagia, mmoja na kuku chini ya kwapa, mtoto ameshika kanga ya mamake. Mbele yao mtu mpana, mrefu kuliko wote, koti la kijeshi limechakaa mabegani. Wote wamegeuza migongo. Chini niliandika SELIM BEY, ALIFIA NAIVASHA 1893, kwa herufi zilezile ninazoandikia bucha, kwa kuwa ndizo zinazosomeka mbali.

Asubuhi mwalimu mkuu alisimama mbele yake muda mrefu, mikono mfukoni.

"Fundi, huyu uso wake uko wapi?"

"Anatazama mbele, mwalimu."

"Tulipatana elfu mbili kwa uso. Huu ni mgongo."

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe akalipa nne kamili, na huo wa tano akaulipa nusu: elfu tisa jumla. Nilipokuwa nikifunga makopo nilimwona bibi wa Makina akija taratibu, ameshika mkono wa mjukuu, amevuka Kibera yote kwa miguu. Hakunisalimia. Alimpita Kinyanjui, akampita Wangari, akasimama katikati, akaanza kuwahesabu wale wanawake kwa kidole.

"Umemsahau mwenye mtungi," akasema.

Nikafungua kopo tena.